Iko Hai, Inangoja

Neno "hai" katika jina la Hai Cinema si la Kiswahili. Ni Kiarabu, na hapo lina maana ya mtaa. Juba ina hai nyingi: Hai Malakal, Hai Jalaba, Hai Thoura, Hai Referendum. Lakini Kiarabu hichohicho hulitumia neno hilohilo kwa kitu chenye uhai, na maana hiyo ndiyo iliyosafiri hadi pwani yetu ikakaa katika Kiswahili. Naianza insha yangu kwa neno hili kwa sababu nataka kueleza habari za programu ya kompyuta ambayo watu wa chumba kimoja mtaani humo waliamini imekufa, kumbe ilikuwa hai wakati wote.

Nilizaliwa Kitale, Kenya, kwa wazazi waliotoka Sudan Kusini wakati wa vita. Nasomea ualimu wa Kiswahili na kompyuta. Likizo ndefu ya mwaka 2023 niliipitisha Juba kwa shangazi yangu. Nilipanda basi hadi Kampala, kisha Gulu, nikavuka mpaka wa Nimule, na kutoka hapo ni lami ya kilomita 192 hadi mjini. Nyuma ya nyumba ya shangazi kuna ua wenye chumba kirefu cha mabati, na humo vijana hukutana jioni kujifunza kuandika programu. Vipakatalishi vilikuwa kumi na vitatu, vyote vya mitumba. Kulikuwa na modemu moja yenye laini ya simu, na jenereta ndogo iliyowashwa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Mafuta yalinunuliwa kwa mchango wa wanafunzi wenyewe. Lugha ya chumba ilikuwa mchanganyiko: Kiarabu cha Juba kwa mzaha, Kiingereza kwa vitabu, na Kiswahili kwa wale waliokulia Kenya, Uganda na kambi ya Kakuma. Baada ya siku mbili nikawa naitwa Mwalimu, ingawa bado sijahitimu.

Walikuwa wanajifunza lugha ya C. Anayeandika C anahitaji chombo cha kusaka hitilafu, na chombo chao kilikuwa GDB, programu iliyoandikwa kwanza na Richard Stallman mwaka 1986 kwa ajili ya mradi wa GNU na inayotumika hadi leo. Kwa kawaida haina picha wala vitufe vya kubofya. Unaandika amri, nayo inakujibu kwa maandishi. Unaweza kuiambia: simamisha programu yangu kwenye mstari wa 20, nionyeshe thamani ya kigeu hiki, sasa songa mstari mmoja mbele. Kwa mwanafunzi ni kama kumwomba mtu anayetembea haraka apunguze mwendo ili uone mahali anapojikwaa.

Wiki chache kabla sijafika, mfumo wa Ubuntu katika vipakatalishi kumi na viwili ulikuwa umepandishwa kutoka toleo la 20.04 hadi toleo la 22.04. Kimoja kiliachwa kwa sababu diski yake ilikuwa imejaa. Tangu hapo GDB ilikuwa na tabia mpya. Mwanafunzi alifungua programu yake, akachagua mstari wa kusimama, akaandika amri ya kuiendesha, kisha kimya. Hakuna herufi, hakuna onyo. Alibonyeza Ctrl na C, ukatokea mstari mmoja wa Kiingereza, halafu kimya kikarudi. Wengine walivumilia dakika mbili, wengine tano, kisha wakafunga dirisha na kuanza upya. Kimya nacho kikaanza upya.

Hitilafu ya namna hii tunaweza kuiita hitilafu ya kurudi nyuma: jambo lililokuwa likifanya kazi katika toleo la zamani linaharibika katika toleo jipya. Huudhi kuliko hitilafu nyingine. Kitu ambacho hakijawahi kufanya kazi hukionei uchungu, lakini kilichokuwa kikifanya kazi mwezi uliopita unakidai kama deni.

Usiku wa tatu msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyekaa karibu na mlango, aliniita kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, samahani. Nimeiua."

"Umeiua vipi?"

"Sijui. Nimeiambia iendeshe, ikafa."

Kijana wa meza ya pili akadakia, "Haijafa, imeganda." Wa nyuma yake akasema, "Wala haijaganda. Imekwama tu."

Nilirudi kwa shangazi nikiwaza vile vitenzi vitatu. Kitu kilichokufa huzikwa, na msichana yule alikuwa akifunga dirisha haraka kama anayeficha maiti. Kilichoganda huachwa kiyeyuke. Kijana wa meza ya pili alikuwa ameinua kipakatalishi chake juu ya vitabu viwili ili hewa ipite chini, maana aliamini ni joto la Juba linalokichosha. Kilichokwama husukumwa, na yule wa nyuma alikuwa akigonga kila kitufe alichokiona. Kila mmoja alikuwa akiitibu mashine kulingana na kitenzi alichokichagua, na hakuna tiba iliyofaa.

Jambo hili halikuwa mchezo. Jenereta iliwaka saa tatu tu kwa siku, na sehemu kubwa ya saa hizo ilikuwa ikiishia katika kimya. Mtu anayechanga pesa ya petroli kisha anakaa mbele ya kioo kisichojibu huanza kujiuliza anachanga kwa nini. Wanafunzi wanne walikuwa wameacha kuja. Jumamosi ile kikaitishwa kikao, na mapendekezo yakawa mawili. La kwanza lilikuwa kuachana na GDB na kurudi kwenye njia ya zamani ya kuchapisha ujumbe katikati ya programu ili kujua imefika wapi. La pili lilikuwa zito zaidi: vipakatalishi vimezeeka, viuzwe, na chumba kifungwe hadi upatikane msaada wa vipya. Msichana wa mwaka wa kwanza hakusema neno. Aliniambia baadaye alikuwa na hakika kwamba ni yeye aliyevianzishia ugonjwa, kwa kuwa cha kwake ndicho kilichonyamaza kwanza.

Mimi niliomba wiki moja. Hoja yangu ilikuwa kile kipakatalishi cha kumi na tatu, kilichoachwa kwenye toleo la zamani. Nilikiweka mezani mbele ya kikao, nikafungua programu ileile iliyokuwa ikinyamaza kwenye vingine, na GDB ikajibu kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Kilikuwa kizee kuliko vyote. Kama uzee ndio ugonjwa, kingekuwa cha kwanza kufa. Kikao kikanipa wiki.

Msaada ulitoka mahali ambapo sikuutazamia. Mlinzi wa ua, ambaye ndiye anayewasha na kuzima jenereta, ni mzee aliyeishi miaka mingi Arua na kurudi na Kiswahili cha huko. Jumatatu usiku nilimsalimu shikamoo, akaitikia, kisha akanizuia kidogo.

"Binti yangu, mimi si mtu wa mashine. Lakini kuna jambo linanishangaza. Kila siku nikizima jenereta, huko ndani mnapiga kelele ya furaha. Watu wengine taa zikizimika wanalalamika."

Nilimshukuru nikarudi chumbani kukaa gizani na kufikiri. Ni kweli. Jenereta ikizimwa, vipakatalishi huendelea na betri zake kwa nusu saa hivi, na katika nusu saa hiyo watu walikuwa wakishangilia kwa sababu GDB ilikuwa ikijibu. Wao walidhani mashine zimepumzika. Lakini jenereta ikizimwa kuna kitu kingine kinachozimika, ambacho hakina betri: modemu.

Jumanne nilipima. Modemu ikiwa imewashwa na watu wote wamo chumbani wakigombea mtandao, GDB ilinyamaza. Nikachomoa waya wa modemu, GDB ikajibu mara moja. Nikaurudisha, ikanyamaza tena. Usiku, watu walipokwisha kuondoka, mzee aliniachia jenereta kwa lita moja niliyoinunua mwenyewe. Nikabaki na mtandao mzima peke yangu. GDB ilikaa kimya dakika kumi na moja, kisha ikajibu. Nilipoifunga na kuifungua mara ya pili, ilijibu papo hapo.

Hapo ndipo nilipokipata kitenzi cha nne. Haijafa, haijaganda, haijakwama. Inangoja. Kisarufi kitenzi hiki kina tofauti ambayo wanafunzi wenzangu wa sintaksia wataiona haraka. Kufa, kuganda na kukwama havidai yambwa. Sentensi inaisha na kitenzi, na udadisi unaisha pamoja nayo. Kungoja kunadai yambwa. Ukisema "inangoja", hata mtoto atakuuliza: inangoja nini?

Swali hilo linaweza kuulizwa kwa kompyuta yenyewe. GDB ina uwezo wa kuishika programu inayoendelea kukimbia na kuichungulia ndani, na GDB nayo ni programu. Jumatano niliiacha moja inyamaze kama kawaida yake, nikafungua ya pili kwa ruhusa ya msimamizi wa mfumo, nikaiambia iishike ya kwanza na kunionyesha orodha ya miito, yaani kazi gani imeiita kazi gani hadi kufikia hapo ilipo. Ya pili haikunyamaza hata kidogo. Hilo pia lilikuwa jibu: ruhusa ya msimamizi hairithi mipangilio ya mtumiaji wa kawaida, kwa hiyo kilichokuwa kikiinyamazisha ya kwanza kilikuwa ndani ya mipangilio.

Juu kabisa ya orodha kulikuwa na kazi iitwayo poll. Kazi yake ni kukaa mlangoni na kutazama kama kuna aliyefika. Chini yake zilikuwepo kazi za maktaba ya curl, ambayo huleta vitu kutoka mtandaoni. Chini ya hizo lilikuwepo jina ambalo lilieleza mambo yote: debuginfod. Hata ule mstari wa Kiingereza uliokuwa ukitokea mtu anapobonyeza Ctrl na C ulieleweka sasa. Ulikuwa ukisema kwamba upakuaji wa faili fulani umekatishwa. GDB iliacha faili hilo, kisha ikaenda kungoja jingine.

Naomba msomaji asiye wa kompyuta anivumilie kidogo hapa. Programu ikishageuzwa kuwa lugha ya mashine, majina yake hayahitajiki tena. Mashine haijali kama kazi fulani iliitwa jumlisha au gawanya. Kwa hiyo programu na maktaba za mfumo husambazwa bila majina, ili zisichukue nafasi. Anayesaka hitilafu, hata hivyo, anayahitaji majina hayo, la sivyo ni kama mgeni katika mtaa usio na majina ya njia wala namba za nyumba. Majina yakahifadhiwa katika mafaili ya pembeni. Zamani ulipaswa kuyatafuta na kuyasakinisha mwenyewe. Mwaka 2019 mradi wa elfutils ulitoa debuginfod, njia ya kuyaagiza mtandaoni moja kwa moja. Kila faili la mfumo lina alama yake ya herufi na tarakimu 40, kama alama ya kidole. Chombo chako kinaituma alama hiyo kwa seva, seva inarudisha majina yanayolingana nayo. GDB ilianza kuitumia njia hii katika toleo la 10, Oktoba 2020. Ubuntu 20.04 ina GDB ya 9, isiyoijua kabisa. Ubuntu 22.04 ina GDB ya 12, inayoijua vizuri. Tofauti ya kile kipakatalishi kizee na vingine ilikuwa hiyo tu.

Sasa tupige hesabu. Kwa kawaida debuginfod huipa seva sekunde 90. Isipoleta angalau kilobaiti 100 katika muda huo, inaiacha. Programu ndogo ya mwanafunzi wa C inaweza kugusa mafaili manne ya mfumo. Nne mara 90 ni sekunde 360, yaani dakika sita za kimya kwa kila jaribio. Na hiyo ni kwa mtandao usioleta chochote. Mtandao unaodondosha kidogo zaidi ya kiwango hicho ni mbaya zaidi, kwa kuwa seva haiachwi, na faili la megabaiti 5 kwa mwendo huo huchukua zaidi ya saa moja. Mtandao uliokatika kabisa ndio afadhali: hakuna wa kungojewa, na GDB inakata tamaa hapohapo na kuendelea na kazi. Ndiyo maana watu walishangilia gizani.

Lilibaki swali moja. GDB ya 12 haiendi mtandaoni bila kuuliza. Mara ya kwanza inauliza kwa Kiingereza kama unataka huduma hiyo, na usipochagua, jibu ni hapana. Nani aliyejibu ndiyo? Nikaangalia faili la mipangilio lililonakiliwa katika vipakatalishi vyote kumi na viwili, na mstari ulikuwepo, unaosema huduma iwe wazi daima. Nilipouliza, nilielezwa historia yake bila ubishi. Swali lilikuwa likitokea kila mara na kuwachanganya wa mwaka wa kwanza. Wengi walijibu ndiyo, kwa sababu swali usilolielewa mbele ya mashine hulijibu ndiyo ili likupishe. GDB yenyewe, ukishajibu, inakueleza mstari wa kuandika ili isiulize tena. Mtu mwenye nia njema aliuandika, akaunakili kwa wenzake. Siwezi kumlaumu. Alifuata maelekezo ya chombo, na chombo hakikumwambia kwamba ndiyo yake itagharimu dakika sita.

Nilikumbuka somo letu la istilahi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Tukijadili darasani, mara nyingi tunauliza kama watu wanazitumia menyu hizo, na wengine husema Kiingereza kinatosha kwa mambo ya kompyuta. Baada ya Hai Cinema naliona suala hili kwa namna nyingine. Menyu hata usipoielewa unaweza kuizoea kwa macho. Swali la ndiyo au hapana halizoeleki hivyo. Linataka ujue unakubali nini, na asiyejua amekwisha kukubali.

Naliona pia neno "maboresho" kwa namna nyingine. Waliotengeneza debuginfod waliboresha kweli. Kwa mtu ambaye faili la megabaiti 5 linamfikia kabla hajapepesa macho, kazi iliyokuwa ya nusu saa imekuwa ya sekunde. Hakuna aliyekosea katika programu yao. Lakini sekunde 90 ni kadirio la subira, na kila kadirio la subira limebeba ndani yake picha ya mtu na mahali alipo. Kwa mtu huyo sekunde 90 hazifiki kamwe. Kwa chumba cha watu kumi na watatu wenye modemu moja, zinafika kila siku. Mabadiliko yaleyale ni hatua mbele kwa mmoja na kurudi nyuma kwa mwingine, na anayerudi nyuma asipojua kueleza kilichompata, kwa waliotengeneza atabaki kuwa mtu ambaye kompyuta yake imezeeka.

Alhamisi tulikaa kuchagua dawa. Nyepesi zaidi ilikuwa kuufuta ule mstari na kuweka unaokataa. Tulifanya hivyo kwanza, na GDB ikajibu chumba kizima jioni ileile. Lakini kijana aliyesema imekwama alipinga tusiishie hapo. Programu yake ilikuwa inaanguka ndani ya maktaba ya C, na bila majina aliona namba tupu. "Tumeponya kimya kwa upofu," alisema. Alikuwa na haki. Dawa ya pili, kupunguza sekunde 90 ziwe 5, ingepunguza kungoja bila kuleta majina. Ya tatu ndiyo tuliyoichukua: kuileta seva chumbani.

Debuginfod ina upande wa seva unaoweza kuwekwa kwenye kompyuta yoyote. Tulichagua kipakatalishi chenye diski kubwa kuliko vingine. Tulihakikisha vyote kumi na viwili vina matoleo yaleyale ya maktaba, kwa kulinganisha zile alama za herufi na tarakimu 40, na viwili vilivyotofautiana tukavisawazisha. Usiku wa Ijumaa, mtandao ukiwa mtupu, tulipakua vifurushi vya majina ya maktaba tunazozitumia, mara moja tu kwa chumba kizima. Tukavipeleka kwa seva yetu, tukazuia isiende kuuliza nje, na katika kila kipakatalishi tukabadilisha anwani ili GDB iulize ndani ya chumba. Kisha tukaurudisha mstari wa ndiyo, safari hii tukijua tunakubali nini.

Seva yetu haina kila kitu. Majina ya kiini cha mfumo, kwa mfano, tuliyaacha kwa sababu ya ukubwa wake. Lakini ikiulizwa kitu isichonacho, inasema sina mara moja. Nilijifunza hapo kwamba "sina" inayokuja haraka ni huduma kubwa. GDB inaisikia, inaendelea na kazi, na mtu aliyekaa mbele ya kioo hapati muda wa kujishuku.

Jumamosi ya pili kikao hakikuzungumza tena habari ya kuuza. Kijana wa hitilafu ya maktaba aliona majina, akafuata mstari hadi mstari, akakuta amepeleka kiashiria kitupu kwa kazi ya kupima urefu wa maneno. Yule msichana wa mwaka wa kwanza nilimpelekea kwanza habari za modemu kabla ya kumweleza mtu mwingine, maana niliona yeye ndiye aliyebeba mzigo usio wake. Alisikiliza, akauliza maswali mawili kuhusu poll, kisha akataka nimwonyeshe jinsi GDB moja inavyoishika nyingine. Alifanya mwenyewe mara tatu. Mara ya tatu hakuniangalia kuuliza kama amepatia.

Kabla sijaondoka tuliandika karatasi moja na kuibandika ukutani. Iliandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha Juba, kila lugha safu yake. Haina istilahi nyingi. Inasema: kioo kikinyamaza, usifunge. Uliza kwanza, inangoja nini? Chini yake kuna amri mbili za kuchungulia na maelezo ya kusoma orodha ya miito kutoka juu kwenda chini.

Kazi ya seva, lakini, haiishi. Maktaba ya mfumo ikisasishwa, hata kwa kuzibwa tundu dogo la usalama, alama yake inabadilika, na majina ya jana hayailingani tena. Inabidi mtu apakue vifurushi vipya usiku, avipeleke kwa seva, na asasishe vipakatalishi vyote pamoja, la sivyo baada ya miezi michache chumba kitarudi kwenye namba tupu. Kikao kilimteua mtu wa kazi hiyo. Ni msichana aliyekaa karibu na mlango. Juzi alinitumia ujumbe saa tano usiku: vifurushi vimeingia, vipakatalishi tisa tayari, vitatu bado, na mzee anauliza kama lita aliyonunuliwa itatosha.